Je, Picha Yaweza Kusema Uongo?

Wako watu wasemao kwamba ulimi wa mwanadamu waweza kudanganya, lakini picha haiwezi. Ulimi una hila. Kamera haina rafiki wala adui, hupokea tu nuru iliyo mbele yake. Kwa hiyo mtu akitaka kuaminiwa siku hizi, haapi tena. Hutoa simu mfukoni na kusema: "Tazameni wenyewe."

Neno hilo lina nguvu, hasa katika nchi ya Fizi, ambako jamaa nyingi zilitawanywa na vita vya mwaka 1996 na vya mwaka 1998. Wengi walivuka Ziwa Tanganyika, wakakaa kambini Nyarugusu katika Tanzania. Mtoto aliyezaliwa kule aliweza kuujua uso wa nyanya yake aliyebaki Baraka kwa njia ya picha tu. Picha ilikuwa daraja juu ya maji. Basi ni haki kuuliza: je, daraja hilo laweza kuoza? Mtu apigaye picha, akachagua cha kuonyesha na cha kuacha, kisha akaisafisha na kuikata atakavyo, je, amesema kweli au uongo?

Mpaka wa picha

Kwanza na ieleweke picha ni kitu gani. Macho ya mtu hayana mpaka. Hugeuka kulia na kushoto, na yasipoona vema miguu huyasogeza karibu. Lakini picha ina kingo nne. Mpiga picha asimamaye ufukoni Baraka asubuhi hana budi kuchagua. Akielekea mashariki, atapata ghuba, rasi ya Ubwari na jua lipandalo. Akigeuka magharibi, atapata nyumba na milima. Yote pamoja hawezi kuyapata. Kwa hiyo kila picha, hata ya mtu mnyofu kabisa, imeacha mengi kuliko iliyoyachukua. Kama kuacha kungekuwa uongo, basi picha zote zingekuwa uongo, na hata masimulizi yote. Maana hakuna msimulizi asimuliaye kila kitu.

Tena kila mpiga picha ana mazoea yake. Anayeanza humweka mtu katikati kabisa, juu ya kichwa pakabaki mbingu tupu na chini miguu ikakatwa. Aliyekwisha kuzoea huigawa picha mafungu matatu kwa fikira, akamweka mtu kando kidogo, ili jicho la mtazamaji lipate njia ya kuingia. Hujifunza kwamba kamera ikishikwa chini, mtu mfupi huonekana mrefu na mwenye enzi. Ikishikwa juu, mtu mzima huonekana mdogo na mnyonge. Hujifunza kwamba jua la saa sita hutia vivuli machoni, bali jua la saa moja asubuhi huupendeza uso. Huo ni ufundi, kama ufundi wa mchonga mitumbwi ajuaye mti wake. Hakuna kosa ndani yake.

Wala kuirekebisha picha baadaye si kosa kwa jina lake. Mtu mweusi akisimama mbele ya ziwa ling'aalo, kamera hupima mwangaza wa maji, na uso wake hutoka kama kivuli kisicho na macho. Filamu za rangi za zamani zilikuwa na upungufu zaidi, kwa sababu rangi zake zilipimwa kwa picha za wanawake Wazungu. Ndiyo maana nyuso nyeusi mara nyingi zilitoka vibaya. Basi anayeuongezea uso huo nuru hadanganyi. Amemrudishia mtu sura yake. Lakini mwingine huongeza nuru hiyo hiyo mpaka msichana mweusi awe mweupe kama karatasi, kwa sababu anaona haya kwa rangi aliyopewa na Muumba. Kidole ni kilekile, na kazi ya simu ni ileile. Hata hivyo wa kwanza ameikaribia kweli, na wa pili ameikimbia.

Yako pia mapambo yasiyomdanganya mtu. Katika miaka ya 1990, wapiga picha wa kivuko cha Likoni, kule Mombasa, walitundika vitambaa vilivyochorwa meli, ndege na miji mikubwa. Mtu wa bara alisimama mbele ya ndege ya rangi, akapigwa picha, akaituma nyumbani. Je, alidanganya? Hapana, maana kila aliyeitazama alijua kwamba ndege ile ni ya kitambaa. Ilikuwa tamaa yake iliyochorwa waziwazi. Vilevile bwana arusi aazimaye koti kwa ajili ya picha hamwibii mtu kitu. Uongo hauanzi mahali pambo lijulikanapo kuwa pambo.

Picha tatu

Ili jambo hili lionekane vema, na zitazamwe picha tatu za kweli.

Picha ya kwanza ilipigwa katika nchi hii ya Kongo, kule Baringa, mwezi wa Mei mwaka 1904, wakati wa utawala wa Leopold wa Pili, mfalme wa Wabelgiji. Mtu mmoja jina lake Nsala, wa kijiji cha Wala, alifika misioni ya Waprotestanti akibeba kifurushi cha majani. Ndani yake mlikuwa na mkono mdogo na mguu mdogo. Vilikuwa vya binti yake Boali, mwenye umri wa miaka mitano, aliyeuawa na walinzi wa kampuni ya mpira. Bibi Alice Seeley Harris, mmisionari Mwingereza, alimwomba Nsala akae barazani, na mabaki yale yakawekwa mbele yake, kisha akapiga picha. Picha hiyo basi ilipangwa. Nsala hakukaa pale kwa nasibu, aliketishwa. Lakini ni nani atakayesema kwamba ni ya uongo? Mtoto alikuwa ameuawa kweli, na baba alikuwa na huzuni kweli. Picha ile na nyingine za namna ile zilionyeshwa katika mikutano mingi ya Uingereza na Marekani, watu wakaamka, na mwaka 1908 mfalme akanyang'anywa nchi ile aliyoifanya kuwa mali yake mwenyewe.

Picha ya pili ilipigwa mbali, kule Havana katika kisiwa cha Kuba, tarehe 5 Machi 1960. Siku hiyo palikuwa na maombolezo ya watu waliokufa meli ilipolipuka bandarini. Mpiga picha Alberto Korda alimwona Ernesto Guevara akitokea kwa muda mfupi, akampiga. Katika filamu yake, upande mmoja palionekana uso wa mtu mwingine, na upande wa pili makuti ya mti mfano wa mchikichi. Korda aliyakata yote mawili, ukabaki uso mmoja, kofia yenye nyota, na macho yatazamayo mbali. Baada ya Guevara kuuawa katika Bolivia mwezi wa Oktoba mwaka 1967, picha hiyo iliyokatwa ilienea duniani kote; hata leo huonekana kwenye fulana na kuta katika miji ya Afrika Mashariki.

Jambo hilo lawahusu watu wa Fizi kuliko wengi wadhanivyo. Mtu yule alifika kwao. Alivuka ziwa kutoka Kigoma, akashuka Kibamba tarehe 24 Aprili 1965, akiitwa kwa jina la Kiswahili, Tatu. Alikaa milimani karibu miezi saba pamoja na Wakuba zaidi ya mia moja, akiwasaidia waasi. Aliugua mara nyingi. Alishindwa kuwapatanisha wakubwa wa vita. Baraka na Fizi zilitwaliwa tena na jeshi la serikali pamoja na askari wa kukodiwa. Na tarehe 21 Novemba 1965 alirudi ng'ambo kwa mashua usiku. Kisha, akiwa amejificha Dar es Salaam, aliandika habari za miezi ile, na tangu mwanzo wa maandiko hayo alikiri kwamba hiyo ni habari ya kushindwa. Maandiko yale hayakuchapishwa kwa miaka mingi. Uso ule ulikwenda duniani mbele yake, usio na homa, usio na matope ya Kibamba, usio na mtu yeyote kando yake. Waweza kusema kwamba mtu yule alikuwa mkweli kuliko picha yake.

Je, Korda alitenda kosa alipokata makuti na uso wa jirani? Hapana. Alitaka uso, akauonyesha uso. Kosa huingia baadaye, mtu anaposhika kipande kile na kusema: "Huyu ndiye, naye ni huyu tu." Kipande hakikuwa cha uongo, kimegeuzwa uongo na yule akitumiaye badala ya mtu mzima.

Picha ya tatu ni ya Urusi. Mwaka 1937 Stalin alipigwa picha kando ya mfereji wa maji, na pembeni yake alisimama Nikolai Yezhov, mkuu wa polisi wa siri. Baadaye Stalin alimgeuka mtu huyo, naye akauawa mwaka 1940. Ndipo picha ile ikatolewa upya: pale aliposimama Yezhov pamebaki maji matupu. Waliofanya kazi hiyo walikuwa hodari, hata alama haionekani. Hapa hakuna swali. Mtu alikuwapo, na watu wameambiwa kwamba hakuwapo.

Picha ni shahidi

Zikilinganishwa picha hizo tatu, jambo moja ladhihirika. Ile iliyopangwa zaidi ni ya kweli. Ile iliyokatwa kidogo imetumika kuficha mengi. Ile ya tatu ni uongo mtupu. Basi swali la haki si kama mkono wa mtu umeigusa picha. Swali ni hili: picha imeletwa kushuhudia nini, na je, jambo hilo ndivyo lilivyokuwa?

Wakatekumeni wanajua kwamba amri ya nane yakataza ushuhuda wa uongo juu ya jirani. Amri hiyo haitaji ulimi peke yake. Shahidi anaweza kudanganya kwa neno moja, au kwa kunyamaza neno lililohitajiwa, au kwa kichwa alichotikisa. Na aonyeshaye picha ili watu wamhukumu mtu, au wamsaidie, au wamchukie, au wamheshimu, huyo amekuwa shahidi, apende asipende. Mahali pa pambo ana uhuru mwingi. Mahali pa ushahidi ana deni.

Na uchukuliwe mfano. Kijana mmoja ana simu nzuri, naye ajua kwamba wako wafadhili mbali ambao hutoa fedha wakiona taabu. Anakwenda kwa mama mjane. Mama huyo amejenga nyumba ya mabati kwa jasho la kuuza ndakala miaka mingi; nyuma ya nyumba kuna jiko la zamani la nyasi, lililobomoka. Kijana anamwambia avue viatu, akae mbele ya jiko, na watoto wavue mashati.

Mama anauliza: "Mwanangu, na nyumba yangu mbona waiacha?"

Kijana anajibu: "Mama, wakiyaona mabati hawatatuma kitu. Nafanya hivi kwa ajili yako."

Kisha anapiga simu ikiwa juu, ili mama aonekane mdogo. Anakata pembe ya mabati iliyojitokeza. Anapunguza rangi ili vumbi lizidi. Fedha zinakuja. Watoto wanapata daftari. Je, kuna ubaya gani?

Watu wengi watajibu upesi: hakuna ubaya, maana mama ni mjane kweli, na watoto walihitaji daftari kweli. Jibu hilo lisidharauliwe. Shida yake si ya kubuni, na njaa haingoji wanafalsafa wamalize mashauri yao. Lakini na itazamwe gharama. Kwanza, mama amenyang'anywa kazi ya miaka yake. Alikuwa mjenzi, amefanywa ombaomba, tena mbele ya watu ambao hatawaona kamwe ili awasahihishe. Pili, mfadhili amenunua kitu kisichokuwapo; hisani yake imepotoshwa njia. Tatu, jirani ambaye jiko lililobomoka ndilo nyumba yake ya pekee atakuja kesho na picha ya kweli, naye hataaminiwa kuliko wa jana. Na nne, kijana mwenyewe amejifunza kwamba kweli ni kitu cha kukatwa kwa kipimo cha fedha. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Lakini watu wengine huumia kabla haijafika mwisho.

Ilikuwapo njia nyingine. Angeweza kuipiga nyumba ya mabati pamoja na mama mlangoni, kisha jiko, kisha watoto wasio na daftari, akaeleza: mama huyu ameweza haya, nayo hayo hayajamwezekea. Labda fedha zingekuwa chache. Lakini mama angeweza kuiona picha ile na kusema: "Huyu ni mimi."

Neno hili lawafaa pia wanaopiga picha katika kambi ya Lusenda, iliyofunguliwa mwaka 2015 kwa wakimbizi wa Burundi. Mazoea ya macho humtafuta mtoto aliye peke yake, aliaye, karibu na turubai. Hatua tatu kando yake pengine yuko mama yake ashonaye, na mwalimu afundishaye chini ya mti. Mtoto huyo si wa uongo. Lakini picha elfu zikimwonyesha yeye peke yake, dunia itasadiki kwamba wakimbizi hawana mama wala walimu.

Hatari iliyo kubwa

Liko jambo zito zaidi. Katika nchi iliyokwisha kuona vita, picha moja yaweza kuwasha moto. Mtu hupokea katika simu picha ya nyumba iteketeayo, na maneno chini yake: "Tazameni walivyotenda jana, watu wa kabila fulani." Picha yenyewe yaweza kuwa haikuguswa hata kidogo. Nyumba iliteketea kweli. Ila labda ni miaka kumi iliyopita, na katika nchi nyingine. Hapo uongo haumo ndani ya kingo nne. Umo katika maneno yaliyoandikwa chini. Na siku hizi programu za kompyuta zaweza kutengeneza nyumba isiyojengwa kamwe, na maiti ya mtu asiyezaliwa kamwe, wala jicho lisitambue. Anayepeleka picha kama hiyo kwa rafiki ishirini bila kuuliza asiseme, "Si mimi niliyeipiga." Shahidi wa uongo hapunguziwi deni kwa kuwa maneno aliazima.

Wengine watasema: hayo yawahusu wenye magazeti, mtu wa kijijini apigaye picha kwa kujifurahisha ana hatia gani? Kweli, akimpiga mtoto wake akicheza ufukoni, akakata kando mtumbwi uliopasuka, hana hatia yoyote. Ameipamba furaha yake. Lakini jioni ile ile, mkono ule ule waweza kupiga ugomvi wa sokoni: ukamchukua mtu wa pili alipoinua fimbo, usimchukue wa kwanza aliyempiga kabla. Hakuna gazeti lililohitajika ili mtu huyo ahukumiwe na kijiji kizima. Kipande cha kweli kimetosha.

Maswali matatu

Basi ampigaye jirani picha, au amwonyeshaye mwingine picha ya jirani, ajiulize maswali matatu.

La kwanza: Je, watu watahukumu jambo kwa picha hii? Kama sivyo, na apambe kwa furaha. Kama ndivyo, na ajihesabu kuwa shahidi.

La pili: Nje ya mpaka wa picha kuna nini, ambacho kama kingeonekana hukumu ingebadilika? Hicho ndicho asichoweza kukikata bila kukisema kwa mdomo au kwa maandishi.

La tatu: Kama aliyepigwa angesimama kando ya mtazamaji, angesema, "Ndivyo ilivyokuwa"? Au angeona haya, au angekana?

Picha ina upungufu mmoja ambao shahidi mwenye uhai hana: haiwezi kuulizwa swali. Haijibu, "Kabla ya hapo palitokea nini?" wala, "Ni nani aliyesimama kushoto?" Tarehe 18 Agosti 2024, kule Uvira, Kanisa liliwatangaza kuwa wenye heri mapadri Luigi Carrara, Giovanni Didonè na Albert Joubert, pamoja na Bruda Vittorio Faccin, waliouawa Baraka na Fizi tarehe 28 Novemba 1964. Picha za nyuso zao zipo. Hata hivyo katika jambo kubwa kama hilo Kanisa halihukumu kwa picha. Hukusanya ushuhuda wa watu, likauliza na kulinganisha maneno yao kwa subira.

Subira hiyo yaweza kutumiwa na kila mwenye simu. Akionyeshwa picha ya kumchoma moyo, asiipeleke mbele mara moja. Na amwulize aliyeileta ilipigwa wapi, lini, na nani, na nini kilikuwa kando. Asipopata jibu, na imalizikie kwake.